Nta Juu ya Mia Mbili Arobaini

Mashine ilishushwa kutoka kwenye bodaboda ikiwa na joto. Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa joto la mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Ilikuwa imeviringishwa kwenye kanga mbili, imesafiri tangu alfajiri kutoka Malolo, ikapita Ruangwa mjini, ikaingia Nachingwea saa tatu ya asubuhi ya Julai, asubuhi ya baridi ambayo hata mbwa wa sokoni walikuwa wamejikunja kwenye majivu. Na mwenye mashine, mama mmoja wa makamo aitwaye Samia, alisema haijachomekwa kwenye umeme tangu juzi. Eliudi akaweka kiganja juu ya bati lake, akakiondoa, akakirudisha. Kisha akafanya alichozoea kufanya kila alipokutana na jambo asilolijua: akacheka.

Tumpe haki yake kabla hatujamnyang'anya. Eliudi alikuwa fundi kweli. Waliompelekea redio na spika zao walijua utaratibu: kwanza utatukanwa, kisha redio yako itapona. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, hatua chache kutoka sokoni, na hakuna transfoma iliyopita mezani pale asiyoweza kukuambia kwa harufu tu kama ni nzima au ni maiti. Lakini dharau yake ilikuwa haina mfano. Kwake yeye dunia iligawanyika mafungu mawili, Eliudi na washamba. Washamba walianzia kwa jirani yake Dastani, muuza vifaa vya simu, wakaenda mpaka kwa wakulima wa Mtua, wakaishia Malolo, ambako, kwa maneno yake, hata umeme wenyewe hufika ukiwa hoi. Mkewe Goreti, aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia na ambaye watu walitoka vigango vya mbali kuja kumsikiliza, naye alikuwa mshamba tu, tena wa ndani ya nyumba.

Samia alifungua kanga. Ndani kulikuwa na amplifaya kongwe, nzito kama gunia la ufuta, ya zile zilizotengenezwa ziuzwe dunia nzima. Kwa kuwa kila nchi ina umeme wake, mashine za namna hiyo huwa na kidude cha mviringo mgongoni, chenye ufa wa kuingiza bisibisi, na pembeni yake namba nne: 110, 127, 220, 240. Mshale ukielekea 240, mashine inajua italishwa umeme wa kwetu. Ukielekea 110 halafu ukaichomeka kwetu, unaipa maradufu ya chakula chake, na haimalizi dakika tano kabla haijatoa moshi. Kwenye amplifaya ya Samia mshale ulielekea 240, na juu yake mtu alikuwa amebandika nta nyeusi, nene, na ndani ya nta akapitisha kipande cha kaniki.

"Nimeleta kwa ajili ya fyuzi na hicho kitufe cha sauti kinacholegea," Samia alisema. Alisema kwa sauti ya chini, huku akiitazama mashine kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. "Hapo nyuma, fundi, nakuomba usipaguse. Marehemu mume wangu aliniachia neno hilo moja, tena kwa kuandika, maana alikuwa hasemi. Isishuke chini ya mia mbili arobaini. Ale kidogo. Akila kidogo analala."

"Nani huyo ale kidogo, mama?"

"Mwenyewe."

Eliudi alimtazama yule mama kuanzia kandambili hadi ushungi, akamwambia arudi Ijumaa, na kabla bodaboda haijakata kona alikuwa ameshamwita Dastani amsimulie. Marehemu Seleman, huyo mume wa Samia, alijulikana kote Ruangwa: ndiye aliyekuwa akipiga muziki wa kukodi kwenye unyago, na miaka kumi na mmoja ya mwisho wa maisha yake alikuwa bubu. Eliudi alisema hakuwa bubu wa mdomo tu, hata akili yake ilikuwa bubu. Dastani alicheka kidogo, kisha akauliza kwa nini bati lilikuwa na joto. Eliudi akamwambia akauze chaja zake.

Hapa inabidi nieleze jambo moja ambalo mafundi wa huku wote wanalijua. Vijijini, mwisho wa nyaya, umeme hupungua. Ikifika jioni na kila nyumba imewasha taa, unaweza ukapima mia na sabini, na muziki ukatoka umenyong'onyea. Basi mafundi hushusha mshale namba moja chini, kutoka 240 kwenda 220, ili mashine ipate nguvu. Si sahihi sana, lakini inafanya kazi, na Eliudi alikuwa akidai kwamba ni yeye aliyewafundisha wengine. Alipoiona ile nta aliona jibu la fumbo lote. Seleman alikuwa na muziki dhaifu, hakujua sababu, akaubandika udhaifu wake nta akauita jini. Kumshushia mjane wake mshale lilikuwa jambo la dakika moja, na raha yake ilikuwa kubwa kuliko kazi yenyewe: Ijumaa angemwonyesha mama wa Malolo kwamba jini lake lilikuwa namba.

Alhamisi baada ya saa nne asubuhi alibadilisha fyuzi, akakaza kitufe, akaigeuza mashine mgongo. Aliingiza bisibisi chini ya nta. Nta ilikuwa laini ajabu, ikatoka kwa mkupuo mmoja pamoja na kaniki, na palepale ikasikika pumzi, kama mtu aliyebanwa kifua akaachiliwa. Kwenye pembe ya chumba kulikuwa na spika kubwa ambayo haikuunganishwa na chochote. Spika ile ikakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamume, kizito, cha mtu ambaye hajatumia koo lake kwa muda mrefu, na baada ya kikohozi likaja jina moja, taratibu: "Samia." Basi.

Eliudi alisema moyoni kwamba ni simu za Dastani zinaingilia spika. Akageuza kile kidude. Vituo vyake vilikuwa vimelika kwa uzee. Alisikia mguso mmoja, na mwingine, na mwingine, kama jino lililolegea, akaridhika. Hakuinama kuangalia mshale umesimama wapi. Kuangalia ni kazi ya wanafunzi. Akaunganisha spika, akachomeka maiki, akachomeka plagi ukutani, akawasha.

Mashine haikutoa hata ule mngurumo mdogo ambao kila amplifaya hutoa. Ilinyamaza, ila ilikuwa ni kunyamaza kwa mtu anayetafuna. Chumba kikanuka udi, ingawa nyumba ile ya Kikristo haikuwahi kufukizwa udi, na chini ya udi palikuwa na harufu nyingine, ya pumzi ya mgonjwa wa siku nyingi.

Goreti aliingia na kikombe cha chai na sahani ya mihogo. Binti yao Doreen alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mchana wao ulikuwa wa watu wawili, na mtu ambaye hakupenda kuongea na mkewe alikuwa na nafasi kubwa ya kutoongea. Siku ile aliongea.

"Mama Doreen, hebu njoo uimbe hapo kwenye maiki nipime spika. Hata mbuzi angetosha, lakini mbuzi yuko mbali."

Goreti alishazoea. Aliweka sahani, akafuta mikono kwenye kitenge, akaishika maiki, akaanza wimbo wa matoleo ambao kwaya ilikuwa ikiufanyia mazoezi kwa ajili ya jubilei ya parokia. Niseme bila kuzunguka: sauti ya Goreti ndiyo iliyokuwa kitu kizuri pekee katika nyumba ile, na Eliudi alikuwa ameisikiliza miaka kumi na minne ya ndoa kama mtu anayesikia mvua ikinyesha kwenye bati la jirani. Lakini ilipotoka kwenye ile spika hata yeye aliinua kichwa. Ilitoka safi, imejaa, imenona. Wanunuzi wakasimama barabarani.

Goreti alimaliza ubeti wa kwanza, akanyamaza avute pumzi. Wimbo ukaendelea.

Aliangalia maiki, akaiweka mezani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kuuma. Spika ikaingia ubeti wa pili. Akamgeukia mumewe, akafungua mdomo kusema, na mdomo ule ulifanya kila kinachofanywa na mdomo unaosema, ila hakikutoka kitu, hata mkwaruzo.

Eliudi alimwambia aache michezo. Kisha akaona macho yake. Akachomoa plagi.

Wimbo haukukatika. Alisimama na waya mkononi, plagi ikining'inia na vyuma vyake vitatu vikionekana wazi, na sauti ya mkewe ikaimba juu ya kichwa chake bila kukosa hata noti, na ndipo, kwa mara ya kwanza, aliinama akaangalia mshale. Ulikuwa kwenye 110. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima: alikuwa ameipa mashine maradufu ya umeme wake, na mashine ikipewa hivyo hulalamika, hunuka vanishi, hutoa moshi, hukata fyuzi, hufa, hakuna njia nyingine, hakuna, na hii haikulalamika wala kunuka wala kufa, ilikula vyote ikatulia, na bati lake, alipoligusa, lilikuwa linapanda na kushuka taratibu chini ya kiganja.

Akajiambia ni kapasita. Kapasita huhifadhi umeme dakika chache baada ya kuchomoa, kila fundi anajua, unasubiri zikauke. Alikaa akatazama saa ya ukutani. Dakika tano, dakika kumi, nusu saa. Alijaribu kurudisha mshale, na kidude hakikusogea hata kidogo. Ncha ya bisibisi ikajikunja kama bua. Ikafika adhuhuri. Mashine ilikuwa imemaliza nyimbo zote za kwaya, ikahamia kwenye nyimbo za Kimakua ambazo Goreti alifundishwa na bibi yake, ambaye watu wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, nyimbo ambazo katika miaka kumi na minne hakuwahi kumwimbia mumewe hata moja, na ilikuwa inaziimba moja baada ya moja bila kupumzika kama mtu anayetoa nguo za mwenzake sandukuni. Kila wimbo ulipokwisha Goreti alishika koo. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, na pumzi yake ilikuwa fupi kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Dastani alikuja mlangoni akitabasamu. "Oya fundi, leo shemeji kaamua," alisema. Kisha akamwona Goreti mkekani, midomo imefungwa, na wimbo ukiendelea. Tabasamu likamfia usoni. Aliuliza kwa kunong'ona, "Anayeimba ni nani?"

Eliudi alichukua simu akampigia Samia. Alikusudia kumlaumu kwa kuleta mashine mbovu, lakini maneno yakamtoka mengine kabisa, yamevunjikavunjika. Samia hakumtukana. Aliuliza swali moja.

"Mshale uko wapi?"

"Mia na kumi."

"Umempa maradufu," Samia alisema. "Alianza na sauti? Basi baada ya sauti anachukua pumzi iliyoibeba. Marehemu aliishi miaka kumi na mmoja kwa sababu alimpa chakula kidogo. Wewe umemwekea sinia. Huyo mama hatafika Jumapili."

"Nifanye nini?" Eliudi alinong'ona. Hilo lilikuwa swali ambalo watu wa Nachingwea hawakuwahi kumsikia akiliuliza.

"Mlete huku, pamoja na huyo mama, kabla jua halijazama. Huko mjini umeme wenu umejaa, mnamshibisha. Njoo naye kwenye umeme wetu uliochoka."

Alijua hata ile dhihaka yake ya umeme ulio hoi ilikuwa imefika Malolo.

Dastani alikuwa na kirikuu cha kubebea mizigo yake, na wala hakusubiri kuombwa, jambo ambalo Eliudi angestahili kulikumbuka. Goreti alikaa mbele. Eliudi alikaa nyuma na mashine, spika na maiki zikiwa bado zimeunganishwa, mita na bisibisi nyingine mfukoni, waya wa umeme ukiwa umeviringishwa mapajani mwake, na mashine iliimba njia nzima. Ilifunikwa turubai ikaimba chini ya turubai. Walipopita Ruangwa watu walidhani ni gari la matangazo, wakapunga mikono, na mama mmoja akacheza hatua mbili kando ya barabara. Eliudi alitazama vumbi jekundu likiinuka nyuma yao, mikorosho ikipita pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema juu ya mtu yeyote.

Nyumba ya Samia ilikuwa ya mwisho, chini ya nguzo ya mwisho. Mbele yake nyaya zilikoma. Binti yake Fatu alikuwa amefagia uwanja na kutandika jamvi. Walilaza Goreti hapo. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili, jua linaelekea kuzama, na kifua chake kiliinuka kidogo sana hivi kwamba ilibidi uinamie uone.

"Mchomeke," Samia alisema akiionyesha mashine.

"Nimchomeke tena?"

"Akiona waya, ataona sahani. Ataanza kula. Lakini asiyeshiba hufungua mdomo, na anayefungua mdomo huachia alichokishika. Wewe shika mita yako, utuambie."

Eliudi akachomeka, akashika mita kwenye soketi. Mia na themanini na tano. Mashine iliimba. Fatu akatoka mbio kwenda nyumba ya jirani, na mara taa ya nyumba ile ikawaka, na ya pili, na ya tatu. Akaelewa kwamba kijiji kilikuwa kimeshaambiwa. Wale wale washamba walikuwa wanawasha kila walichokuwa nacho. Mtu akachomeka pasi, mwingine jagi la kuchemshia maji, kinyozi akawasha mashine zake zote bila mteja, na mita ikasoma mia na sabini, mia na sitini na mbili, mia na hamsini, Eliudi akizitaja namba kwa sauti iliyokauka, na kila namba iliposhuka wimbo ulipungua mwendo, ukawa mzito, sauti ya Goreti ikavutika chini kama nguo iliyolowa. Kisha mzee Ramadhani, mwenye mashine ya kusaga iliyozoea jenereta, akaiwasha kwa umeme wa nguzo, na taa zote za Malolo zikawa nyekundu. Tisini na nane, chini hata ya ile mia na kumi. Wimbo ukasimama. Udi ukajaa uwanjani hadi watu wakaziba pua, na ndani ya spika, chini kabisa, ikasikika sauti isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, yenye subira, ikisema, "Bado nina njaa."

Goreti alivuta pumzi ndefu. Kilikuwa kitu cha kwanza kilichosikika kutoka kwake tangu asubuhi.

"Rudisha mshale," Samia alisema haraka, na mkononi alikuwa ameshika donge la nta iliyopashwa moto.

Kidude kiligeuka kirahisi. 127, 220, 240. Lakini Eliudi alipoondoa bisibisi, mshale ulianza kurudi wenyewe, polepole, na Goreti akashika koo.

"Hafungwi akiwa mtupu," Samia alinong'ona. "Lazima ashike kitu. Alipomchukulia Fatu sauti yake, Fatu akiwa mdogo, marehemu alishika maiki akampa ya kwake. Alisema, chukua. Neno hilohilo tu, kwa mdomo wake mwenyewe. Basi akafungwa nayo, mpaka wewe ulipobandua nta." Alimtazama Eliudi machoni. "Ningeweza kutoa yangu, fundi. Lakini si mimi niliyebandua."

Mshale ulikuwa umefika 220. Dastani alitazama chini. Goreti, jamvini, alimtazama mumewe wala hakuomba kitu. Mtu huacha kuomba pale ambapo hajawahi kupewa. Hapa ndipo mtu mwingine angelia, angemshika mkewe mkono, angesema walau neno moja la maana kwa sauti ambayo hangeitumia tena. Eliudi aliona macho ya washamba wote wa Malolo yakimsubiri, akachukizwa. Moyoni alisema kwamba neno linalotamkwa kwa dhihaka halina nguvu, kwamba atalisema, mshale utatulia kwa sababu yoyote ile ya kiufundi, na kesho atawacheka. Akaivuta maiki.

"Haya, chukua," alisema, "chukua, mdudu mjinga wewe, tuone kama utashiba."

Mshale uliruka ukagonga 240. Samia akabandika nta kwa kidole gumba, akakandamiza kaniki juu yake. Mashine ya kusaga ikazimwa, taa zikarudi kuwa nyeupe, bati likapoa.

"Maji," Goreti alisema.

Ilikuwa sauti yake, imekwaruzika lakini yake. Watu wakashusha pumzi. Eliudi aligeuka na kidole juu, amwambie Samia kwamba ameona, kwamba hakuna lolote, na midomo yake ikasema yote hayo mbele ya watu wote, na hakuna aliyesikia hata herufi.

Mdharau biu hubiuka yeye.

Goreti aliimba kwenye jubilei. Waliokuwepo wanasema aliimba kuliko miaka yote, na kwamba mumewe alisimama nje dirishani. Karakana haikufungwa, wateja waliongezeka, kwa kuwa sasa redio inapona bila mtu kutukanwa kwanza. Huko Malolo nako amplifaya ya Samia ilipata umaarufu mpya. Muziki ukipunguzwa kidogo, chini yake husikika mwanamume akiwasema wageni: huyu na suruali yake ya kuazima, yule na sahani ya pili ya pilau. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Wengine huikodi kwa ajili hiyo tu.

Mwezi wa tisa Eliudi alichukua kipande cha boksi akaandika kwa kalamu ya wino mzito, akampa mkewe. Goreti alisoma, akamrudishia. Kesho yake walipanda kirikuu cha Dastani kwenda Malolo.

Walifika mchana. Palikuwa na sherehe ya kumtoa mwali, na mashine ilikuwa uwanjani kwa Samia, mshale umefunikwa kwa nta, umeme ukiwa mia na tisini. Samia alipowaona alipunguza muziki. Eliudi akampa lile boksi. Alikuwa ameomba nta ibanduliwe mara moja tu, dakika moja tu, yeye ni fundi, angejua la kufanya. Angeichukua sauti yake kabla mwenyewe hajaamka.

"Kubanduka inabanduka," Samia alisema, "ila akiamka atamshika wa kwanza kupumua karibu yake. Sitaamua mimi. Aamue aliyekombolewa." Akamkabidhi Goreti donge la nta na kisu.

Muziki ulikuwa chini kiasi kwamba ile sauti ilisikika vizuri. Iliwamaliza wageni waliokaa mbele, ikamgeukia Goreti. Ilimtaja kwa jina. Ilisema yote ambayo Eliudi aliwaza mezani pake kwa miaka kumi na minne bila kujisumbua kuyasema: mikono yake, watu wake, nyimbo zake za kishamba, jinsi anavyofungua mdomo kanisani akidhani watu wanampenda. "Hata mbuzi angetosha," ikarudia ya siku ile. Eliudi alitikisa kichwa, akatikisa mikono, akapiga magoti kwenye vumbi na kumshika mkewe pindo la kitenge.

Goreti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kisu chini, akalainisha nta viganjani mwake, akaibandika juu ya ile ya zamani, akaikandamiza kwa vidole vyote vitano mpaka ikawa nene maradufu.

"Iache mia mbili arobaini," alisema kwa sauti ya upole, ile ambayo mumewe hakuwahi kuisifu.

Eliudi alifungua mdomo. Na kutoka kwenye spika, kama ilivyozoea kila ilipokutana na jambo isilolijua, sauti yake ikacheka.